Bandari inakwamishwa na rushwa au na utitiri wa kanuni? Nani kamzaa mwenzake?

#1 Mwanagati (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Nina miaka 14 kwenye kazi ya kugomboa mizigo na kuna jambo naomba tulichambue bila haraka. Bandari ikizorota watu hugawanyika kambi mbili. Hawa wanasema rushwa ndiyo inayokwamisha mizigo. Wale wanasema ni wingi wa vibali na mihuri. Mimi naona hawa ni ndugu wa tumbo moja. Kila sahihi inayohitajika ili kontena litoke ni mlango, kila mlango una mshika ufunguo, na bidhaa anayouza mshika ufunguo ni muda wako. Akikaa na faili siku tatu yeye hapotezi kitu. Kwako storeji (ada ya mzigo kukaa bandarini) inapanda, demareji (ada ya kuchelewesha kontena la kampuni ya meli) inapanda, na mteja anapiga simu kila baada ya dakika kumi.

Kuna utafiti wa mwaka 2004 wa Ximena Clark, David Dollar na Alejandro Micco kuhusu ufanisi wa bandari na gharama za usafiri wa baharini. Walikuta nchi ikipanda kutoka robo ya chini hadi robo ya juu ya ufanisi wa bandari, gharama za usafirishaji zinashuka kwa zaidi ya asilimia 12. Wakakadiria pia kwamba kuwa na bandari mbovu ni sawa na kuihamisha nchi ya wastani iwe mbali zaidi na masoko yake kwa asilimia 60. Walipotafuta chanzo, wakakuta kanuni kiasi zinasaidia bandari, zikizidi zinaiangusha, na magenge ya wahalifu yanaiangusha pia.

Hilo la "kiasi" ndilo linaloninyima raha. Kiasi ni kipi, na anakipima nani?

#2 Hesabu za Shehena

Mada nzuri mkuu. Nirekebishe kidogo kabla wengine hawajaibeba hiyo asilimia 12 kama msahafu. Kipimo chao cha ufanisi kilitokana na dodoso: wakuu wa kampuni waliulizwa bandari za nchi yao zikoje, wakatoa alama kutoka 1 hadi 7. Mtu aliyeudhika na afisa mmoja jana atashusha alama ya bandari nzima. Simaanishi utafiti ni mbovu, naheshimu sana kazi ile. Ila inawezekana kabisa kwamba rushwa na uzembe vyote viwili vinazaliwa na kitu cha tatu ambacho dodoso halikukiuliza.

#3 Nahodha Mstaafu

Nawasalimu. Mmeanza upande wa kontena, niwapeleke upande wa meli.

Meli ya nafaka kabla ya kupakia hukaguliwa vyumba vya shehena. Vinatakiwa viwe vikavu, bila kutu inayobanduka, bila mabaki ya shehena iliyopita, bila wadudu. Kanuni hiyo ni ya haki kabisa, ni chakula cha watu. Lakini neno "safi" lina upana. Nimewahi kusimama ndani ya chumba kilichosuguliwa na vijana wangu usiku kucha, mkaguzi akapitisha kidole ukutani, akaniangalia, akasema hakijafaulu. Hakuandika sababu. Alishuka ngazi na wakala akabaki nami, akaniambia "kuna namna." Meli ikikataliwa inapoteza zamu gatini, na siku moja ya meli nanga chini ni fedha nyingi kuliko mshahara wa mwaka wa mkaguzi. Hesabu hiyo anaijua yeye, unaijua wewe.

Sitaitaja bandari ile. Ila tatizo hilohilo lilikuwa maarufu Argentina, na kule lilishughulikiwa kwa uwazi. Mtandao wa kampuni za meli unaopinga rushwa, MACN, ulioanza mwaka 2011, ulishirikiana na serikali hadi mwaka 2017 utaratibu wa ukaguzi ukabadilishwa. Ukaguzi ukawekewa mfumo wa kielektroniki, ukaguzi wa mmoja ukawa unapimwa na wa mwingine, na nahodha akikataliwa akapata pa kukata rufaa mara moja.

#4 Dada Manifesti

Mzee Nahodha, shikamoo. Nikuulize: kwa hiyo Argentina walipunguza kanuni au waliongeza?

#5 Nahodha Mstaafu

Marahaba binti yangu. Waliongeza. Hatua zilizidi, ila mtu mmoja hakubaki na neno la mwisho.

#6 Dada Manifesti

Basi hoja ya mleta mada ina tundu hapo. Milango iliongezeka na rushwa ikapungua. Si idadi ya milango tu inayohusika, ni kama kila mlango una mlango wa pembeni wa kumlalamikia mlinzi wa kwanza.

#7 Mwanagati

Nimekubali tundu hilo dada. Lakini angalia mfano wenyewe: pale kulikuwa na ukaguzi mmoja wenye mamlaka makubwa mno. Kwangu mimi tatizo ni saba ndogondogo.

Niwape kisa. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa na kontena la mashine za kiwandani. Forodha walilipitisha siku ya kwanza, hati zote safi, ushuru umelipwa. Kisha wakaja wa viwango, wa mionzi, wa afya ya mimea kwa sababu ya mbao za kufungia, wa usalama, wa mzani, na mwisho wa geti. Wa tatu akaomba "kitu kidogo." Mteja wangu akachoka, akasema mpe. Nikampa, na hilo najuta mpaka leo. Saa mbili baadaye wa nne alikuwa anajua kiasi gani kimetolewa kule. Wa tano akasema faili halionekani. Kontena lilikaa siku 19.

#8 Mchumi Mdadisi

Kisa cha Mwanagati kina maelezo ya kinadharia, ya Andrei Shleifer na Robert Vishny, mwaka 1993. Ikiwa vibali vyote vinapitia kwa mtu mmoja mla rushwa, hatataka kukukamua mpaka ukimbie, kwa sababu kesho atakukosa. Ikiwa wako saba na kila mmoja anajitegemea, kila mmoja anapandisha bei yake bila kujali kwamba anaua soko la wenzake. Jumla unalipa zaidi na mizigo inayopita inapungua. Mtu wa mwisho getini ndiye hatari zaidi, maana anajua umeshalipa wote na huwezi kurudi nyuma.

Ongeza na hili. Kuna waliowahi kudai rushwa ni grisi ya gurudumu: Nathaniel Leff aliandika hivyo mwaka 1964, Samuel Huntington mwaka 1968, kwamba palipo na urasimu mzito hongo inasaidia kazi kwenda. Daniel Kaufmann na Shang-Jin Wei walikwenda kupima mwaka 1999, wakakuta kampuni zinazotoa hongo zaidi ndizo zinazotumia muda mwingi zaidi na maafisa. Mwenye ufunguo akishajua unalipa, ana sababu ya kufunga mlango mara nyingi zaidi.

#9 Kuli wa Zamani

Kwa hiyo mla rushwa mmoja ni nafuu kuliko saba? Neno gumu hilo kulimeza, lakini niliyoyaona gatini yanafanana nalo.

#10 Dereva wa Semi

Wakuu nyie mnaongelea ndani ya geti. Sisi tunalala nje ya geti.

Bandari ya Apapa, Lagos, Nigeria, foleni ya malori ilifikia sifa ya dunia nzima. Barabara mbovu, maegesho hakuna, na kila mwenye sare njiani akawa na bei ya kukusogeza mbele. Februari 2021 wakaleta mfumo wa kuita malori kwa simu, unaitwa Eto: lori halisogei bandarini mpaka liitwe. Halafu Januari 2023 ikafunguliwa bandari mpya ya Lekki yenye kina kirefu. Mimi nasema hivi: pakiwa na nafasi ya kutosha, nani atanunua nafasi? Mtu analipa kwa sababu kitu ni haba. Jenga barabara, leta reli, ongeza gati, uone kama yule wa kwenye foleni atabaki na cha kuuza.

#11 Hesabu za Shehena

Dereva umegusa penyewe. Nakuunga mkono nusu. Nafasi haba huzaa rushwa, sawa. Ila kuna anayefaidika na uhaba na atahakikisha haiishi. Ukitaka kujua kwa nini gati jipya linachukua miaka mingi kujengwa, angalia nani anakula kwenye foleni.

#12 Pwani Huru

Mimi nina jibu fupi: ushindani. Mfanyabiashara akiwa na bandari mbili atakimbia ile chafu. Kama Afrika Kusini, wafanyabiashara walikimbia rushwa ya Durban wakahamia Maputo, Msumbiji.

#13 Hesabu za Shehena

Umegeuza kichwa miguu ndugu yangu. Ilikuwa kinyume. Sandra Sequeira na Simeon Djankov walikusanya taarifa za hongo zenyewe, shehena kwa shehena, kwenye bandari hizo mbili. Kampuni za Afrika Kusini ambazo Maputo ndiyo ilikuwa karibu nazo zilizunguka njia ndefu hadi Durban ili kuikwepa rushwa ya Maputo. Durban hati za forodha zilikuwa zinapita kwenye mtandao, wakala na afisa hawaonani. Maputo lazima mkutane ana kwa ana. Na hasara haikuishia kwa aliyezunguka. Barabara za Durban zilijaa zaidi, na malori yakawa yanakwenda yamejaa upande mmoja na kurudi matupu.

Lakini sehemu inayonikosesha usingizi ni ile ya aina mbili za rushwa. Kuna rushwa ya kukamuliwa: una haki yako, afisa anaizuia mpaka ulipe. Hiyo inakufukuza bandarini. Kuna nyingine ya kushirikiana: wewe na afisa mnakubaliana kudanganya thamani ya mzigo, ushuru unapungua, mnagawana. Hiyo inakuvuta. Pwani Huru, kwa hiyo ushindani unaweza kuizawadia bandari chafu. Mzigo unaongezeka, takwimu zinapendeza, hazina inavuja.

#14 Pwani Huru

Nimekosolewa na nimekubali. Asante. Hiyo ya aina mbili sikuwa nimeifikiria.

#15 Mwanagati

Hesabu, na hapo ndipo ushuru wenyewe unapoingia. Ushuru ukiwa mkubwa, hongo ya kushirikiana inakuwa na faida kubwa.

#16 Hesabu za Shehena

Ndiyo, na ilipimwa. Mwaka 2008 ushuru wa bidhaa nyingi kutoka Afrika Kusini kuingia Msumbiji ulishushwa chini ya makubaliano ya SADC. Sequeira alifuatilia na kukuta hongo imeporomoka kwenye bidhaa hizo. Cha kushangaza, biashara yenyewe haikupanda kama vitabu vinavyotabiri, kwa sababu ushuru ule wengi hawakuwa wakiulipa wote tangu mwanzo. Kwa hiyo ongeza mtuhumiwa wa tatu kwenye uzi huu: si afisa, si wingi wa fomu, ni kiwango cha ushuru.

#17 Fundi Mtandao

Wakuu mnazunguka sana, dawa ipo miaka mingi. Weka kila kitu kwenye mfumo. Singapore walianza TradeNet tarehe 1 Januari 1989: tamko moja, linakwenda kwa taasisi zote, majibu yanarudi kwenye skrini. Na sasa ni sheria ya dunia. Tangu tarehe 1 Januari 2024, chini ya mkataba wa FAL (wa kurahisisha taratibu za meli bandarini) wa mwaka 1965 uliofanyiwa marekebisho, nchi wanachama wanatakiwa kuwa na dirisha moja la kielektroniki la kupokea taarifa za meli. Kompyuta haina tumbo, haina ada ya shule ya watoto, haina njaa.

#18 Dada Manifesti

Kaka Fundi, kompyuta haina njaa lakini anayeshika nywila anayo.

Toamasina, bandari kuu ya Madagascar, mfumo ulitakiwa kugawa matamko ya mizigo kwa wakaguzi kwa bahati nasibu, ili wakala asiweze kujichagulia mkaguzi wake. Watafiti Chalendard, Fernandes, Raballand na Rijkers walipima kama kweli ni bahati nasibu. Haikuwa. Baadhi ya matamko yalikuwa yanaelekea kwa wakaguzi walewale, ya mawakala walewale. Matamko hayo yalikuwa na dalili zaidi za kukwepa kodi, lakini yalionekana mara chache kuwa na kosa, na yalipitishwa haraka zaidi. Hasara ilikadiriwa kama asilimia 3 ya kodi yote iliyokusanywa. Ugawaji ulipokabidhiwa kwa mtu wa nje, mchezo ukabadilisha sura na kuendelea.

Tazameni neno hilo: haraka zaidi. Ukipima bandari ile kwa muda wa kutoa mzigo tu, matamko ya rushwa ndiyo yangeipandisha alama.

#19 Fundi Mtandao

Sikatai. Ila bila mfumo hao watafiti wangeupimaje wizi huo? Kwenye karatasi usingeonekana kabisa. Mimi nimeshiriki kufunga programu ya aina hiyo mahali fulani. Jambo la kwanza tuliloombwa na wakubwa ni kitufe cha kubadilisha mgao "kwa dharura." Nilipinga. Kitufe kikawekwa. Nilipopitia kumbukumbu baada ya mwezi mmoja, dharura zilikuwa nyingi kuliko siku za kazi. Kumbukumbu zile zipo, kila mguso una saa na jina. Hakuna aliyezisoma.

#20 Kuli wa Zamani

Niongee kidogo kuhusu sisi wa kubeba, maana tunasahaulika.

New York zamani makuli walikuwa wanajipanga asubuhi kama nusu duara, msimamizi anaonyesha kidole: wewe, wewe, na wewe. Asiyerudisha sehemu ya ujira wake haonyeshwi kidole. Magenge yakatawala gati. Mwaka 1953 majimbo ya New York na New Jersey yakaunda tume ya pamoja ya kusimamia bandari, ikawa inatoa leseni kwa makuli, kuchunguza historia zao, kudhibiti ajira. Kanuni dhidi ya rushwa, na zilihitajika kweli.

Sasa sikilizeni mwisho wake. Mwaka 2018 New Jersey ilipitisha sheria ya kujitoa, ikisema tume imezidisha udhibiti na sasa inaikwaza bandari. Kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani, na Aprili 2023 New Jersey ikashinda haki ya kujitoa. Dawa ya mwaka 1953 ikageuka kuwa ugonjwa unaolalamikiwa miaka 70 baadaye. Au magenge yalikuwa yanaisubiri siku hiyo? Mimi sina hakika, na mtu akiniambia ana hakika namtilia shaka.

#21 Mchumi Mdadisi

Mzee Kuli, hilo bandiko lako ni darasa. Na jibu la "kiasi ni kipi" pengine linabadilika na wakati. Kanuni inayokata mkono wa mwizi leo, kesho mwizi akiondoka inabaki inakata mikono ya wafanyakazi.

#22 Nahodha Mstaafu

Ila Mchumi usisahau kwamba bandari inaweza kuwa ya haraka kabisa na bado imeoza pembeni. Antwerp ya Ubelgiji na Rotterdam ya Uholanzi. Huko meli haingoji, kreni zinacheza. Lakini mwaka 2023 Antwerp pekee zilikamatwa tani 116 za kokeini. Magenge hayataki kuchelewesha kitu, yananunua mwendo. Kontena la halali hutolewa kwa namba ya siri. Mfanyakazi mmoja wa ofisini akiiuza namba hiyo, lori la wahalifu linakuja mapema kuliko la mwenye mzigo na kuondoka nalo, hati zote sawa. Ndiyo maana wakaanza kuachana na namba za siri na kutumia utambulisho unaofungwa kwa mhusika mwenyewe.

Kwa hiyo Mwanagati, ile nadharia yako ya kuuza muda naiunga mkono, ila ina pande mbili. Kuna anayeuza kucheleweshwa na kuna anayeuza kuharakishwa.

#23 Dereva wa Semi

Mzee hapo umenigusa. Vijana wa lori wanafuatwa na watu hao. Ukikataa wanajua unapoishi. Tusiite kila mpokeaji mla rushwa kana kwamba alikuwa na hiari.

#24 Mpenda Mizani

Nimewasoma wote. Naomba niwe wa upande mwingine kabisa. Kila kitu mnakipeleka kwenye rushwa. Kwenye orodha ya Benki ya Dunia ya utendaji wa bandari za makontena ya mwaka 2023, Cape Town ilikuwa ya 405 kati ya 405. Ya mwisho. Yangshan ya Shanghai ikawa ya kwanza. Sasa ulizeni watu wa meli Cape Town inakwamishwa na nini. Wa kwanza watakayemtaja ni upepo, kreni zinasimama siku nzima. Wa pili ni mitambo iliyozeeka. Upepo hauli hongo.

#25 Hesabu za Shehena

Upepo hauli, lakini mitambo ilizeeka vipi? Nani alitakiwa kununua mingine, na taratibu za manunuzi zilichukua muda gani? Wakati mwingine kanuni kali za manunuzi, zilizowekwa kuzuia wizi, ndizo zinazofanya kreni iliyokufa ikae imekufa. Hapo rushwa ya jana inaua ufanisi wa leo bila mtu yeyote kupokea senti.

#26 Mpenda Mizani

Hilo nalikubali kama swali. Kama jibu, bado.

#27 Binti wa Uagizaji

Habari zenu. Mimi ni mwagizaji na nitasema jambo ambalo wenzangu hawatapenda. Gaël Raballand na wenzake walichunguza mwaka 2012 kwa nini mizigo inakaa bandarini wiki kadhaa katika nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara. Wastani ulikuwa kama siku 20, wakati bandari kubwa za dunia ni siku 3 au 4. Moja ya majibu yao lilikuwa sisi. Waagizaji wengi wanaiacha shehena bandarini kwa sababu ni ghala la bei nafuu, au hawajapata fedha za ushuru, au hawajapata mnunuzi. Na wakubwa waliokwisha kuzoea ucheleweshaji hawataki uishe, kwa sababu unawazuia wadogo kuingia sokoni.

Nimekaa kwenye kikao cha wafanyabiashara ambako hoja ya kufupisha muda wa bure wa storeji ilipingwa na walewale waliolalamika asubuhi kwamba bandari ni ya polepole. Nilinyamaza siku ile. Sikupaswa kunyamaza.

#28 Mwanagati

Dada, umesema kweli chungu na nakushukuru. Nina wateja wa namna hiyo. Anakuambia "usiharakishe sana," kisha mbele za watu anailaumu bandari.

#29 Askari wa Geti

Mimi nimefanya kazi getini, upande mnaoutuhumu. Mshahara ulikuwa unaisha tarehe 10. Hilo halihalalishi. Ila nafasi yenyewe ya getini baadhi ya wenzangu waliinunua kwa bosi, na aliyenunua lazima arudishe. Mkimfukuza, anakuja mwingine aliyenunua kwa bei ya juu zaidi.

#30 Mchumi Mdadisi

Askari, asante kwa kusema. Hilo la kununua nafasi linaelezea kwa nini kufukuza watu mara nyingi hakubadilishi kitu. Mfano mkubwa kuliko wote ni Indonesia. Mwaka 1985 Rais Suharto aliinyang'anya idara nzima ya forodha kazi ya ukaguzi wa mizigo, akaikabidhi kampuni ya Uswisi ya SGS, ikawa inakagua huko mizigo inakotoka. Maafisa wengi wakaambiwa wakae nyumbani. Mizigo ikaanza kutoka haraka. Mwaka 1997 kazi ikarudi forodha.

Kule Ufilipino nako walitumia ukaguzi wa nchi ya kutoka, kwa shehena zilizozidi thamani fulani tu. Walipoishusha thamani hiyo ili kunasa shehena ndogo, Dean Yang alikuta wakwepaji wamehamia njia nyingine: mizigo ikaanza kuingia kupitia maeneo maalumu ya viwanda vya kuuza nje yasiyolipa ushuru. Ziba tundu hapa, maji yanatafuta pengine.

#31 Pwani Huru

Na kubinafsisha je? Colombia walivunja shirika la bandari la serikali kwa sheria namba 1 ya mwaka 1991. Meli zilizokuwa zikingoja siku nyingi zikaanza kuhudumiwa kwa saa.

#32 Kuli wa Zamani

Na pensheni za makuli wa shirika lile zikageuka shimo la wizi, kashfa ya Foncolpuertos, madai hewa yakalipwa miaka na miaka. Rushwa ilitoka gatini ikahamia mahakamani. Meli zilienda haraka, hilo sikatai.

#33 Binti wa Uagizaji

Mbona hakuna aliyeitaja Beirut? Tarehe 4 Agosti 2020. Tani 2,750 za amonia naitreti ndani ya ghala namba 12, zimekaa humo tangu 2014. Zaidi ya watu 200 walikufa. Bandari ile ilikuwa chini ya kamati iliyoitwa ya muda tangu miaka ya 1990. Forodha waliandika barua kwa mahakama mara kadhaa. Kanuni zilikuwepo, idara zilikuwepo, mihuri ilikuwepo. Kila ofisi ilikuwa na uwezo wa kuzuia na hakuna iliyokuwa na wajibu wa kuondoa. Siku zote nikisikia tunapima bandari kwa siku na dola, nalikumbuka ghala lile.

#34 Nahodha Mstaafu

Mungu awarehemu.

#35 Mwanafunzi wa Forodha

Shikamooni wakubwa. Nimesoma uzi wote usiku mmoja. Mwezi ujao naanza kazi kwa wakala wa kugomboa mizigo. Naomba mniambie jambo moja la vitendo: siku afisa akiniambia "faili halionekani," nifanye nini?

#36 Mchumi Mdadisi

Karibu kijana. Kwanza mjue mwajiri wako na mteja wako. Sheria ya Marekani ya mwaka 1977 dhidi ya hongo za nje iliacha mwanya kwa malipo madogo ya kuharakisha kazi ambayo afisa alitakiwa kuifanya. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2010 haikuacha mwanya huo. Kontena mbili mlangoni pamoja, wamiliki wawili, na malipo yaleyale yanampeleka mmoja jela na mwingine hapana.

#37 Dada Manifesti

Mimi nakushauri kinyume na alivyoanza Mchumi. Achana na mianya ya sheria za wengine. Usitoe. Peleka hati zako zimekamilika kuliko za mtu yeyote, maana nusu ya nguvu yake ni kosa lako dogo: namba ya lakiri iliyokosewa, uzito usiolingana na wa manifesti, yaani orodha ya shehena ya meli. Mnyime hilo kwanza.

#38 Mwanagati

Dada Manifesti, hati zangu za zile mashine hazikuwa na kosa hata moja. Siku 19.

#39 Nahodha Mstaafu

Kijana, mimi nilichofanya melini ni hiki. Kila aliyepanda ngazi niliandika kwenye kitabu cha meli: saa aliyopanda, cheo, alichoomba kwa maneno yake, saa aliyoshuka. Niliandika akiwa ameketi mbele yangu na nikamsomea. Wapo walioghairi. Wapo waliocheka na kunichelewesha siku mbili zaidi, na kampuni yangu ikanilaumu mimi.

#40 Mwanafunzi wa Forodha

Nashukuru mzee. Kitabu nitanunua. Ila siku mbili hizo, nani alizilipa?

#41 Nahodha Mstaafu

Kampuni. Kisha safari iliyofuata wakampa meli nahodha mwingine, mimi nikakaa nchi kavu miezi minne.

#42 Mwanagati

Mzee, hilo hukuwahi kulisema humu miaka yote. Tafadhali endelea. Walikurudisha vipi?

#43 Nahodha Mstaafu

Nitaandika kesho, macho yamechoka. Kitabu chenyewe bado ninacho.